Leza ya Paani na Nikaha ya Maskati

Bisha uwezavyo: mtandao wa duka letu la vitenge Kariakoo hauna waya. Unatoka ghala la ng'ambo ya mtaa kwa mwanga wa leza, unapita hewani juu ya vichwa vyenu, unaingia kwenye kijicho cha kioo paani kwetu. Kaufunga nani? Mimi, niliyeishia kidato cha pili.

Ijumaa, bibi mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya juu, alishuka dukani kutazama kwenye runinga yetu nikaha ya mjukuu wake kule Maskati. Shehe alipoanza hotuba tu, picha ikaganda.

"Wewe fundi," bibi akaninyooshea kidole, "mjukuu wangu aoe nisione?"

"Tulia bibi, mwenyewe nipo."

Nikapanda ngazi mbio, nikarudi natweta. Picha ikafunguka bwana harusi kashikwa mkono, anasema amekubali kumuoa. Bibi akapiga vigelegele mpaka wabeba mizigo wakatua marobota.

"Tatizo lilikuwa nini?"

"Mtandao wa Maskati, bibi."

"Mji mzuri vile," akasikitika.

Sasa ile sehemu niliyoiruka. Kule paani sikugusa hata nati. Bibi alikuwa amekitandikia kile chombo kanga yake juu, kwa kukihurumia na jua, na upepo ukaishusha mbele ya kijicho. Leza haipiti kanga. Nikaitoa, nikaificha chini ya kaunta.

Jana kauliza kama nimeiona. Nimemwambia labda upepo, na hapo nusu si uongo.