Mkanda Mwekundu Mguuni mwa Kuku

Siku ya pili ya msiba wa rafiki yangu niliambiwa nikamkamate kuku, nimchinje.

Nilipomshika, kisu nilikiweka chini.

Si kwamba namwogopa kuku. Mimi nimekula kuku wa watu wengi Kibiti hii, wengine hata wenyewe hawajui.

Ni kile alichofungwa mguuni.

Ngojeni, twende taratibu.

Rafiki yangu aliitwa Amri. Kwao Mbuchi, huko ambako pikipiki inakufikisha mwisho wa barabara, halafu unapanda boti. Alikaa Unguja akifanya kazi kwa wale jamaa wanaovutwa na tiara kubwa baharini, vile vishada vya kupaisha. Akarudi na tiara moja kuukuu, ina viraka kuliko suruali yangu ya shule.

"Kheri, mwanangu, kule wanavutwa juu ya maji. Sisi tutavutwa nchi kavu."

"Na nani, polisi?"

"Na upepo, mjinga wewe."

Nyuma ya mikoko ya Mbuchi kuna uwanda wa chumvi. Kiangazi unakauka, unakuwa mgumu kama sakafu. Hakuna mti, hakuna waya wa umeme. Amri akachonga ubao, akaufunga magurudumu ya toroli, akasimama juu yake na tiara mkononi.

Oya, jamaa alikwenda! Mbwa walimkimbiza mpaka wakakata tamaa.

Ila kwenye kufundisha alikuwa mnoko kuliko mwalimu wa nidhamu. Ubao huugusi mpaka uweze kuiongoza tiara ndogo ukiwa umesimama chini. Helmeti kichwani. Upepo ukianza kuja kwa mikupuo, mnafungasha. Kule upepo unakoelekea asiwepo mtu.

Na kizimio.

Kizimio tuliuita ule mkanda mwekundu wa kuvaa mkononi, umeungwa na kamba ya chini ya tiara. Ukizidiwa, unaachia vishikio vya kuongozea tiara. Mkanda unaivuta ile kamba, tiara inaishiwa nguvu, inaanguka kama kanga mbichi. Ikigoma, mkanda una pini ya kuchomoa. Unachomoa, mnaachana, kila mtu kwao.

"Hakuna kizimio, hakuna tiara," alituimbia kila tulipofika uwandani.

Nyumbani alikuwa akiishi na bibi yake, Bi Mwanabaraka, na dada yake, Hajira.

Hajira alikuwa mchumba wangu. Posa ilishapokelewa. Nalisema mapema ili mjue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Bibi alimwita Amri "mume wangu", ule utani wa bibi na mjukuu. Mimi alinipa cheo cha "mume wa akiba".

"Mume wangu ameoa tiara," alilalamika. "Kutwa uwandani. Hata wali wangu hali."

"Nipe mimi nile, Bibi."

"Wewe akiba. Subiri zamu yako."

Tukacheka wote. Amri alichelewa kurudi siku hiyo pia.

Kisha wakaja vijana wa Kibiti kujifunza. Wanafunzi wetu wa kwanza. Amri alivaa shati alilopiga pasi, mtu wa kwenda kuvutwa kwenye vumbi!

Akafungua begi. Kizimio hakipo.

Nilikuwa nimekiona jioni iliyotangulia. Begi nililibeba mwenyewe, nikaliweka barazani kwao.

"Turudi tukakitafute," nikamwambia.

Akawatazama wageni. Walishatoa simu, wanasubiri kurekodi.

"Nitafunga kamba. Raundi moja tu waone."

Akachukua kamba ya nailoni, akajifunga mkononi kwa fundo letu la kufungia mitumbwi. Fundo lile kila mtoto wa delta hii, mto unakokutana na bahari, analijua tangu hajajua kusoma. Maji yakivuta, lenyewe linakaza.

"Amri, hilo halichomoki."

"Upepo wenyewe mtamu, Kheri. Tulia."

Upepo ukabadilika akiwa katikati ya uwanda.

Vishikio aliachia, nilimwona kwa macho yangu. Lakini ile nailoni ilikuwa imejisokota na kamba nyingine, tiara ikabaki imejaa upepo. Fundo likakaza. Alikuwa akilivuta kwa mkono wa pili, kisha kwa meno.

Nilikimbia na kisu.

Uwanda ukaisha, vikaanza visiki vya mikoko.

Hapo naomba mniachie.

Sasa mnajua kuku yule alifungwa na nini.

Bibi alikuwa amekaa kwenye jamvi, akaniona nimeduwaa na kuku mkononi.

"Mkanda wa mume wangu huo," akasema. "Nilimfichia. Nikasema akiukosa atarudi kunigombeza. Akija kunigombeza, atakula. Na kuku mwenyewe nilimfunga kwa huo, awe kitoweo chake."

Akaunyooshea kidole:

"Hivi ulikuwa wa kazi gani?"

Mimi Kheri, mwenye jibu kwa kila mtu, niliufungua ule mkanda, nikautia mfukoni.

"Wa urembo tu, Bibi. Si unamjua mumeo kwa kujipamba."

Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Jioni baba yao mdogo, Mzee Mwinyimvua, akauliza mbele ya watu: "Begi alilibeba nani? Huo mkanda mwekundu mnaosema ungemwokoa, uko wapi?"

Ulikuwa mfukoni mwangu.

"Nililibeba mimi, Mzee. Niliudondosha njiani."

Hajira alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia wala hakutukana.

"Kumbe ni wewe," akasema, akaingia ndani.

Posa ikarudishwa kwetu kabla ya arobaini. Siku hizi yuko kwa mumewe Ikwiriri. Harusini sikualikwa, ila pilau niliinusa. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Amri.

Mwaka huu Bi Mwanabaraka akaugua. Akaagiza niitwe. Ndugu zake hawakupenda, lakini nani abishane na mgonjwa?

"Mume wa akiba."

"Naam, Bibi."

"Siku ile Mwinyimvua anakuuliza, nilikuwa nyuma ya pazia. Nikasikia 'mkanda mwekundu'. Nikajua."

Sikuweza kumtazama.

"Nilisubiri useme, hukusema. Kusema mwenyewe nikashindwa. Nilimwogopa Hajira, asije akaniacha naye." Akanishika mkono. "Umenibebea vya kutosha. Nikishazikwa, tua."

Tumeshamzika.

Leo natua.

Hajira, ukiisoma hii, sikuiti urudi. Mumeo ni mtu mwema, na pilau yake ilinukia vizuri. Nataka ujue tu. Na usimchukie Bibi. Alimtaka mjukuu wake mezani, basi.

Nanyi mnaotaka kuanza mchezo huu: anzeni na tiara ndogo, chini, bila ubao. Kizimio kishikeni kwa mkono wenu kabla hamjapaisha. Kikikosekana, wageni warekodi mikoko, warudi kwao wakiwasema.

Na ukitaka mtu wako ashinde nyumbani leo, mwambie, "Leo usiende, kaa tule."

Mwambie kwa mdomo. Usimfichie kitu.