Miti Iliyopinda ya Matondoni

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, nikaambiwa kwamba fundi mmoja mzee wa kuunda vyombo amefariki, na kwamba amezikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Jina lake nawaachia waliomzika. Mimi nilifikishwa kwake na safari ndefu. Nililelewa Elburgon katika harufu ya unga wa mbao, na baada ya kidato cha nne nikafanya kazi kiwandani mpaka magogo yakaadimika. Nikateremka Nakuru, Nairobi, kisha Mombasa, kila mahali nikikaa mpaka paniudhi. Mwishowe shirika dogo la upanzi wa miti likaniajiri, nikapanda basi la Lamu, siku nzima ya vumbi na vizuizi vya askari hadi Mokowe, halafu boti. Nilikuwa na mkoba wa mbegu na somo moja kichwani: mti wa mbao hufaa ukinyooka.

Somo lenyewe nililijua kwa moyo. Mti hutoa mbao, boriti, kuni, dawa na kivuli, tena hushika mchanga usipeperuke. Fundi alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipeleka shambani kwake nyuma ya kijiji. Nilikuta miarobaini kama ishirini, yote imepinda, na kwenye matawi yamefungwa mawe kwa kamba. Nikamwuliza mawe ni ya nini. "Yaifunda miti adabu," akasema. Nikamwambia miti ya namna ile haina faida. Akacheka. "Mti si askari, Bwana. Usimame wima wamngoja nani?" Mkewe, aliyekuwa akitwanga pembeni, akadakia: "Huyu miti yake huisifu kwa kupinda. Mimi mgongo wangu umepinda zamani, sijasifiwa." Tukacheka sote watatu. Nilidhani yale mawe ni mambo ya kufukuza husuda, na kwa kuwa ni mambo ya imani, sikuuliza tena. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwezi uliofuata fundi alikwenda Chundwa, kwenye harusi ya jamaa zake. Wakubwa wa shirika walikuwa wanakuja kukagua, nami nilitaka waone shamba la kupendeza. Nikachukua vibarua wawili, tukakata kamba, tukapogoa kila tawi lililopinda na kuangusha miti isiyonyoosheka. Nilifanya kazi ile kwa furaha, nikijua namtendea mzee wema. Aliporudi alisalimu kwanza, akauliza hali zetu, ndipo akauliza: "Ni nani alokata?"

"Ni mimi, Bwana. Tumekunyooshea."

Aliinama akaokota tawi moja nene, akaliweka ubavuni mwake, likamkaa kama lilipimwa. "Hili lilikuwa taruma la saba," akasema. Mataruma ndiyo mbavu za chombo. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba ubavu ukichongwa kwa mti ulionyooka nyuzi zake hukatika, na wimbi la kwanza kubwa huuvunja. Mti uliokua umepinda nyuzi zake hufuata mkunjo, nao hudumu. Zamani mikunjo hiyo mafundi waliitafuta kwenye mikoko, lakini ukataji ulipozuiwa akaamua kuipanda mwenyewe. Wengine husema samaki mkunje angali mbichi. Yeye aliikunja miti, na aliingoja miaka minane. Wavuvi wa Chundwa walikuwa wamemwagiza mashua, na miti ile ndiyo iliyokuwa mbavu zake. Hawakuweza kungoja miaka minane mingine. Wakanunua boti ya faiba, na tangu hapo fundi hakuunda chombo kingine.

Nimezunguka sana tangu siku zile, na kila nendako nawaona watu kama mimi, wenye mkoba na somo. Mjini Lamu niliwahi kulala katika nyumba ya mtaa wa Mkomani ambayo upana wa chumba ulitokana na urefu wa boriti. Mjenzi aliuuliza mti kwanza, ndipo akachora. Sisi tunachora kwanza. Tunahesabu faida za mti kwa vidole na kusahau kwamba faida imo pia katika mkono unaojua kuutumia, na mkono huo ukifa hakuna kitalu cha kuuotesha upya. Visiki vya ile miarobaini vilichipua baadaye. Machipukizi yalisimama wima kabisa, kama nilivyofundisha, na hakuna aliyekuwa na haja nayo isipokuwa wachoma mkaa.

Siku nilipoondoka Lamu kabisa, nilipitia Matondoni kumuaga. Nilimkuta ameziba pua kwa kitambaa, anapaka gundi kwenye ufa wa boti ya faiba ya mtu mwingine. Nikamwomba radhi tena, safari hii kwa ukamilifu, bila kujitetea kwamba nilidhani hivi au vile. Alisimamisha kazi, akafuta mikono. "Samahani nilikupa zamani, Bwana," akasema. "Miaka ndiyo huna ya kunipa." Kisha akaniombea salama ya safari, akarudi kwenye ufa wake.

Ndugu msomaji, ukifika mahali ukaona kitu kimepinda, uliza mara ya pili. Mimi niliuliza mara moja, nikacheka, nikashika panga.