Binti Waziri na Shoga Yake

Wiki iliyopita nililetewa mkeka mpya kutoka Kuze, mtaa wetu wa zamani. Nilipoukunjua, ile harufu ya miyaa ilinirudisha ukumbini kwa nyanya, siku ambazo gari la moshi lilikuwa bado jambo la watu kwenda kulitazama. Wajua, rafiki yangu, sina utoto mwingine ninaoutamani.

Kila alasiri nyanya alisuka ukili wa mikeka, sisi tukimchambulia miyaa na kugombania mahamri. Hapo ndipo alipotuhadithia ya binti waziri aliyekuwa na shoga yake wa kufa na kuzikana, kisha akapendana na mwana wa mfalme wa nchi ya mbali. Mwisho ulikuwa ule ule: binti aliondoka akilia, shoga akabaki dirishani. Mimi nilimchukia yule mwana wa mfalme, hata nyanya amsifu vipi.

Mwaka mmoja dada yangu akaposwa na kijana wa Lamu. Dada alikuwa amemchungulia akampenda, wala hakuficha. Lakini kijana alitaka kumhamishia kwao, na baba, kwa kuwaonea haya wageni, alikuwa ameshaitikia. Shoga wa dada, binti wa nyumba ya pili tuliyekula naye sinia moja tangu utotoni, alikuja siku hiyo akakaa akasuka nasi. Nyanya, kwa mazoea tu, akaianza hadithi yake. Alipofika penye machozi akatanabahi, akaikatiza. Nilimwonea nyanya huruma sana.

Dada ndiye aliyeuliza, polepole: "Nyanya, kwani binti hakuweza kumwambia aje yeye?"

Nyanya aliuweka ukili chini. "Aliweza, mwanangu. Kwetu mume ndiye aingiaye nyumba ya mke. Alimwambia, ikiwa wanitaka, na uje ukae papa hapa."

"Akaja?"

"Hilo silijui bado."

Nyanya akajitanda leso, akashuka kumkabili baba. Baba alinung'unika, lakini ujumbe ukapelekwa Lamu. Tulingoja jawabu, dada hali akashiba, na shoga yake akimbembeleza ale. Kisha shemeji akaja na sanduku lake moja, akicheka, akauliza atalala wapi.

Ukumbi ule sasa ni bohari ya mtu nisiyemjua, na wote wale wametangulia. Nawaombea rehema kila siku, maana walinilea katika nyumba ambayo mtu hakulazimishwa kupenda mmoja kwa kumwacha mwingine. Dada alipofariki, aliyemwosha ni shoga yake, na aliyekuwa akimchotea maji ni shemeji.