Tulikwenda Butembo Kupotea

Safari hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya mdogo wangu, dereva wa lori, aliyewaahidi watoto wake watatu kuwapeleka Butembo, kwenye ile bustani ya michezo ambayo shule yao nzima ilikuwa ikiisimulia. Siku ilipokaribia, mzigo ukamwita Kasindi, kule mpakani, na mzigo hausikii kilio cha watoto. Mimi dada yake, muuza viatu wa soko la Beni, nikafungua mdomo mbele ya watu na kusema nitawapeleka mimi. Mdomo wangu una haraka kuliko miguu yangu, na bado sijapata dawa yake.

Wifi yangu, mama wa watoto, aliniangalia kwa muda. Tunakaa parcelle moja, yaani kiwanja kimoja, ananijua. Anajua miavuli yote niliyoipoteza, na kwamba mara moja nilirudi kutoka msibani nimevaa kiatu cha mtu mwingine, mimi ambaye kazi yangu ni viatu.

"Tantine," akasema, maana huniita shangazi kama watoto wanavyoniita, "minakupa batoto batatu. Batatu utanirudishia."

"Na mavumbi yabo yote," nikamjibu.

"Mavumbi hapana lazima. Batoto."

Watoto wenyewe ni hawa. Masika, mkubwa, huongea kidogo na kuona mengi. Paluku anamfuata, na yeye fikra zake zote ziko tumboni. Wa mwisho ni Kambale, mwenye miaka sita, ambaye akishaanza kucheza hajui kama jua limezama. Kila jioni kazi yangu ni kusimama katikati ya parcelle na kumwita akaoge kabla maji hayajapoa, na majirani wameshaizoea sauti yangu kuliko redio zao. Msomaji wa mbali ajue pia kwamba sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, msichana wa kwanza ni Masika. Hatusumbuki kuchagua. Majina ya dini wanayo, lakini yanakaa kwenye karatasi za shule. Mpango huu una ubaya wake, nao tutaufikia.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye kituo cha magari, wanne kwenye kiti cha nyuma cha taksi, kila mtoto na sweta nyekundu, kwa kuwa baridi ya Butembo haina huruma kwa watu wa Beni. Gari lilipoanza kutembea nikawasomea sheria. Msiachane mikono. Msile kitu cha mtu bila kuniuliza. Sheria ya mwisho waliisema wenyewe kabla sijafungua mdomo, kwa sauti moja, kama wanavyosema sala.

"Ukisikia mutu hautambue anaita jina yako, unyamaze, ujifiche, ungojee sauti ya kwetu."

Hiyo haikuwa sheria ya safari. Ni ya nyumbani, na mimi ndiye niliyewafundisha, katika nyakati zile za risasi, wavamizi walipokuwa wakiita watu nje kwa majina nasi tukilala na viatu miguuni. Siku hizi kila nyumba ya kwetu inaifundisha, pamoja na kunawa mikono na kusalimia wakubwa. Dereva aliisikia akatikisa kichwa, akaongeza mwendo.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliinamisha kichwa dirishani akauliza kwa Kilingala, "Bozokende wapi?"

Kambale akanitangulia. "Tunaenda kupotea."

Askari alituangalia mmoja mmoja, akaona uso wangu, akacheka mpaka akasahau kutuomba vitambulisho. Hapo ndipo ilibidi nimweleze dereva kwamba mchezo mkubwa wa bustani hiyo ni labirenti, yaani njia nyingi zinazozunguka na kukatana ndani ya matete marefu. Unaingia, unapotea, unatafuta katikati. Akaniuliza kama watu wanalipia jambo hilo. Nikasema ndiyo. Akacheka peke yake hadi Kabasha.

Kabasha barabara inapanda na kujikunja, ukungu unakaa chini yako, na wauzaji wa matunda ya maracuja na mboga za poireau wanakimbilia dirisha kabla gari halijasimama. Paluku alikula maracuja hadi Maboya. Masika alitazama milima. Kambale aliuliza kila mara kama tumeshapotea.

Kabla ya saa sita tulifika Butembo, tukapanda pikipiki ya motari mmoja sisi wote, Kambale mbele kwenye tanki na mimi nyuma kabisa nikikumbatia wengine. Motari alituteremsha kwenye kilima nje ya mji, mbele ya lango lenye ndoo ya maji na sabuni. Masika alinawa, kisha akanyoosha paji la uso mbele ya mlinzi ambaye hakuwa na kipimo chochote mkononi. Alikuwa mdogo wakati wa Ebola, na mazoea yamemkaa. Mlinzi akamgusa paji kwa kidole na kusema, "Uko sawa, mama," akamruhusu.

Mwenye bustani alitupokea mwenyewe. Ni mzee mnene mwenye kofia ya manyoya na mikro ya kutangazia mkononi, na kwa jina ni Papa Kambale. Matete yale aliyapanda kwa mikono yake.

"Papa," nikamwambia, "ku Beni tunalipaka motari juu tusipotee. Huku munalipisha batu juu bapotee?"

"Mama, ku Beni kupotea ni mambo mubaya," akajibu. "Huku kwangu unapoteaka, unacheka, unarudia. Batu baliisha kusahau ginsi ile inafanyikaka."

Nikamlipa kwa watu wanne.

Alitueleza mchezo. Katikati ya matete kuna jante ya lori, yaani chuma cha gurudumu, iliyoning'inizwa, kama kengele ya shule. Anayefika anaigonga kwa chuma, na kilima kizima kinajua kuna mshindi. Toka asubuhi hakuna aliyeigonga. Njiani kuna mambo ya kufanya: chupa zilizojazwa maji kwa viwango tofauti, za kupigia muziki, sanduku lenye tundu, unaingiza mkono bila kuona na kutaja ulichoshika, na mteremko wenye vichukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba mizigo mjini, ila hizi zimechongwa kwa kimo cha watoto.

Kwenye sanduku niliingiza mkono wangu nikashika kitu baridi, laini, chenye kunata. Nikapiga kelele, nikautoa mkono, nikaona ni muhogo uliolowekwa, niliokua nao, ninaoupika kila wiki. Watoto walicheka mpaka Paluku akakaa chini. Hilo lingenitosha kwa siku moja. Lakini vichukudu vilikuwa mbele, na mdomo wangu ukasema, "Na miye ninaweza."

Niliweza nusu ya mteremko. Nusu iliyobaki niliimaliza bila kichukudu. Nilisimama nimejaa nyasi, kitambaa cha kichwa kiko shingoni, watu wananipigia makofi, Masika ananipangusa, Paluku ameshika viatu vyangu. Nilicheka kama sijacheka miaka mingi. Kisha nikahesabu, nikapata wawili.

Sikushtuka mara moja. Nikatazama nyuma ya matete, kwenye chupa, kwenye choo. Papa Kambale akasema hilo ni jambo la kila Jumamosi, akawasha mikro.

"Kambale, Kambale. Tantine yako anakutafuta. Kuya huku ku mikro."

Wakaja. Walikuja Kambale wawili wenye beignet, mandazi ya kwetu, midomoni, na mwingine anayeburutwa na mama yake aliyetaka kujua amevunja nini. Akaja Kambale mwenye ndevu na mtoto mabegani. Akaja babu mmoja na fimbo yake, akavua kofia na kuniuliza kwa heshima, "Ni weye tantine yangu?" Papa Kambale naye akainua mkono. "Na miye muniweke mu hesabu."

Watu walikufa kwa kicheko, na mimi pia. Nikamwomba aongeze jina la dini. "Kambale Issa," akatangaza, na akaja Kambale Issa mwingine kabisa, kijana mrefu kuliko mimi, akitafuna mkate. Wangu hakuja. Hapo kicheko changu kilikwisha.

Vijana wa bustani waliingia kwenye matete, wakapita njia zote wakiita. Mmoja alirudi na sweta nyekundu. Aliikuta imetundikwa kwenye mti wa pembeni, ndani yake hakuna mtu. Niliichukua, ilikuwa bado na joto kidogo, au labda lilikuwa joto la mkono wa kijana yule. Niliogopa. Nasema wazi. Nilimwona wifi yangu amesimama mlangoni akisema batatu, na mimi nikishuka kwenye gari na wawili na sweta moja.

"Muite tena, Papa. Kwa nguvu."

Akaita kwa nguvu. Kilima kizima kikasema Kambale. Hakuna kitu.

Masika alinivuta nguo. "Tantine. Hata aite mpaka magaribi, Kambale hataitika."

"Juu ya nini?"

"Ule papa hamutambue. Na bale baseya ba mu matete habatambue. Weye ndiye ulitukatazaka."

Nilisimama nikimtazama mtoto huyu. Kisha nikamnyang'anya Papa Kambale mikro yake. "Kambale, ni miye, tantine," nikasema, na spika ikatoa sauti ya mtu aliyemeza kopo. Hata mimi nisingemwitikia. Nikairudisha, nikamwomba awanyamazishe watu. Akawanyamazisha wote, hata chupa zikanyamaza. Nikasimama kwenye mdomo wa labirenti, mikono kiunoni, kama ninavyosimama kila jioni katikati ya parcelle, nikaita kwa kifua changu mwenyewe.

"Kambale weye. Maji inapoa. Nikukute huko, utaniona."

Nikatega sikio. Kisha katikati ya matete jante ikalia, mara ya kwanza siku hiyo, ikalia tena na tena, na nyuma ya mlio huo nikasikia sauti ndogo ikisema, "Tantine, minakuya."

Alitoka na majani kichwani. Alikuwa amefika katikati zamani, mbele ya wote. Alikuwa ameinua chuma agonge ndipo akasikia mtu asiyemjua akiita jina lake. Akaweka chuma chini polepole, akajilaza ndani ya matete. Sweta alikuwa ameivua makusudi kwa sababu ni nyekundu, inaonekana, akaitundika mbali na alipojificha. Wale vijana walipita karibu yake, naye akashika pumzi.

"Nilifanya muzuri?" akaniuliza.

"Ulifanya muzuri sana," nikasema, nikamvalisha sweta ili asiuone uso wangu. Papa Kambale alivua kofia yake ya manyoya akamvika mshindi. Ilimfunika mpaka kidevuni. Yule babu mwenye fimbo alipiga makofi, halafu akageuka kando akapangusa macho.

Alasiri tukashuka barabara ileile. Paluku alilala na beignet mkononi. Watu wanaporudi safarini huulizwa walichojifunza, nami nilikuwa na Kabasha nzima ya kufikiri. Nilijifunza kwamba watoto wanasikia tunachowaambia, hata kile tunachokisema haraka tukifunga mlango. Nilikuwa najivunia sheria ile. Sasa natamani kuwafundisha nyingine: mtu akikuita, itika. Sijui lini nitaweza kuianza.

Jua likizama tulifika Beni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia wifi yangu, mazuri, yenye kuanzia mbali. Lakini watu wa Beni walikuwepo bustanini, wana simu, na habari ilifika mbele yetu. Wifi yangu alikuwa amesimama nje ya lango, kanga moja begani, miguu mitupu. Hakunisalimia, hakuhesabu. Kambale alikuwa mgongoni mwangu, kofia imemfunika, nilidhani amelala.

"Kamba..." mama yake akaanza.

"Mama," akaitika, jina halijaisha.