Mahameli Kwenye Ndege ya Kamembe

Msimu wa mvua wa mwaka wa tisini na mbili, nyumba yetu ya Nyamirambo, mjini Kigali, ilinuka sponji mpya. Ilikuwa harufu kali, nusu gundi nusu mafuta ya taa, na iliingia kila mahali: kwenye mashuka, kwenye nywele, kwenye sufuria. Naapa hata wali wa siku zile ulikuwa na ladha ya godoro. Baba yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Hamisi, alikuwa amepata kazi ambayo hakuna fundi wa cherehani aliyewahi kuipata tangu cherehani ya kwanza ilipozunguka: kuvalisha viti vya ndege. Viti ishirini na nane. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa wiki mbili nilitembea shuleni kama binti wa waziri. Niliwaambia wenzangu kwamba bila baba yangu ndege haipai. Baadaye ningetamani ingekuwa uongo.

Ndege yenyewe ilikuwa babu wa ndege zote. Ilikuwa na mapangaboi mawili, moja kila bawa, na ilikaa uwanjani ikiwa imeinua pua juu na kuburuta mkia chini, kama mbuzi aliyekataa kuvutwa. Ukiingia ndani ulipanda kilima kwenda mbele. Baba alisema ilizaliwa kabla yake, na alikuwa na ndevu nyeupe tayari. Hata hivyo kila Jumanne na Ijumaa asubuhi ilikohoa, ikatoa moshi mweusi wa kutosha kupikia harusi tatu, ikaondoka kwenda Kamembe, kule mwisho wa nchi kwenye ziwa. Watu waliipenda. Kwa basi, kutoka kituo cha Nyabugogo hadi Kamembe ulikuwa ni mwendo wa kutwa nzima, na siku hizo za vita kila baada ya kilima ulikuta kizuizi cha askari, mnashuka, mnaonyesha vitambulisho, mnapanda tena. Ndege ilikumalizia safari kabla hujazoea kelele zake.

Katikati ya kazi ile, dereva mmoja wa lori alipita nyumbani na habari kutoka Kamembe: bibi yangu mzaa mama alikuwa hoi, hali chakula tena, na alikuwa akimtaja mama kwa jina. Mama yangu hakulia. Alikaa kwenye mkeka, akauliza kama bibi bado anaongea, na dereva akasema anaongea. Kwetu sisi Waislamu maiti halazwi kungoja wageni. Ukifa asubuhi, alasiri umeshalala ardhini, na aliye mbali atakuja kusalimia udongo. Mama alilijua hilo vizuri kuliko sote, kwa hiyo hakutaka kusikia habari ya basi. Baba akaenda kwa rubani aliyekuwa pia mwenye ndege, Mbelgiji mzee aliyekulia Bukavu na kuongea Kiswahili cha kule, akamwomba jambo moja: badala ya nusu ya ujira wake, mke wake apewe kiti cha Jumanne. Yule mzee akakubali papo hapo, wakashikana mikono. Baba alirudi anaimba.

Hapo ndipo furaha ilipomharibia. Ndege ilikuwa imepumzishwa siku tatu ili avalishe viti, na baba akasema mke wake hawezi kukalia kazi ya kawaida. Alikwenda sokoni Nyabugogo akarudi na mahameli nzito ya rangi ya damu ya mzee, ya kushonea makochi ya sebule za wakubwa wa Kacyiru. Sponji akaiweka mara mbili. Mito ya zamani ilikuwa ikiteleza mtu akikaa, na baba alichukia kitu kinachoteleza, kwa hiyo kila mto aliushona kwenye fremu ya kiti, mshono wa kurudia, kwa uzi wa kushonea viatu. Mito mikuukuu iligawiwa majirani, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walilalia viti vya ndege. Nilimsaidia kushika tochi, na nakumbuka alivyopapasa kiti cha tatu upande wa dirisha, akaniambia, "Hapa atakaa mama yako. Atafika hajakunja hata mgongo."

Jumanne tulifika uwanjani Kanombe mapema mno, mama na kijifuko chake, baba na sanduku lake la mikasi ambalo hakuliacha hata akienda msikitini. Desturi ya ndege ile ilikuwa kwamba kila abiria anapanda juu ya mizani pamoja na mizigo yake, hadharani, na karani anasoma kilo kwa sauti kama anayeuza ng'ombe. Wanawake wanene walisafiri wamefunga tangu jana yake. Mama alipanda, karani akasoma sitini na nane, akaandika. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha rubani akashuka kwenye ngazi akiwa anajifuta jasho, akamwita baba.

"Fundi, kazi iko mzuri sana. Lakini weka mkono hapa chini ya kiti. Iko nzito. Umeweka nini ndani?"

"Sponji tu, mzee. Mara mbili."

"Mara mbili." Akakuna kichwa. "Ndege yangu haiko hoteli, Fundi."

Walikwenda kwetu kuchukua mto mmoja wa zamani? Hapana, hapakuwa na muda. Karani alikuwa na kumbukumbu ya uzito wa zamani kwenye daftari lake, na kipande cha mahameli na sponji kilichobaki kwenye sanduku la baba kilitosha kupimia. Wakapima, karani akapiga hesabu juu ya goti, akaipiga tena. Kila kiti kilikuwa kimeongezeka kilo mbili na nusu. Mara ishirini na nane, kilo sabini. Kigali iko juu, hewa yetu ni nyembamba, na mzee yule wa mapangaboi alikuwa akiondoka uwanjani kila safari kwa kuomba Mungu. Kilo sabini ni mtu mzima na kijifuko chake. Karani alimtazama mama, kisha akatazama daftari. Abiria wengine wote walikuwa na tiketi. Mama alikuwa na mkono tu ulioshikwa kati ya baba na rubani.

Sijawahi kuona mtu akikimbia kama baba alivyokimbia kupanda ile ngazi. Alitoa mkasi, akaanza kufumua. Alidhani atatoa sponji ya juu kwenye kila kiti na yote yataisha. Lakini mshono ule alikuwa ameushona yeye, na mshono wa Fundi Hamisi ulikuwa haufunguki hata kwa amri ya mahakama. Uzi wa viatu ulikata vidole vyake. Rubani alisimama mlangoni akitazama magharibi, ambako mawingu ya msitu wa Nyungwe hujaa kila asubuhi ya msimu ule, na yakishajaa hakuna ndege inayopita chini wala juu. Akampa robo saa. Kwa robo saa baba alifungua viti vinne. Kilo tano tu, kwani ya chini ilibidi ibaki watu wapate pa kukaa. Mama, chini kwenye mizani, alivua viatu. Akaacha kijifuko. Akavua bangili. Karani akasoma sitini na moja, kwa sauti ndogo safari hii.

Na mimi nikavua viatu vyangu, nikamletea karani.

"Vya nini, mwana?"

"Mpunguzie mama."

"Wewe hausafiri, kamwana," akasema, akanirudishia kimoja kimoja, kama vile vingevunjika.

Baba akatoka kwenye viti, akasimama katikati ya ndege, vidole vinavuja damu juu ya mahameli yake mwenyewe, akawauliza abiria waliokwisha kukaa kama kuna mtu anaweza kungoja ndege ya Ijumaa. Niliona kupitia mlango. Bwana mmoja wa wizarani akasema yeye angeshuka kwa roho safi ila ana mkutano. Mama mmoja mfanyabiashara akafungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho sidhani kilikuwemo. Wengine walitazama madirishani, na siku ile madirisha ya ndege ile yalikuwa na mambo ya ajabu ya kutazama, yaani nyasi. Baba akamgeukia rubani kuhusu mizigo, na rubani akasema iliyobaki ni barua na dawa za hospitali, hiyo haishuki. "Ningeweza, Fundi, ningekuwa nimeshafanya," akasema, na nilimwamini, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kukemewa. Mama alikuwa ameshavaa viatu. Alimwambia baba, "Shuka, Baba Zaituni. Unawachelewesha watu." Ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akimwambia moja kwa moja.

Mapangaboi yakazunguka, ile ndege ikakimbia, ikakimbia, ikafika mwisho kabisa wa njia ndipo ikajinyanyua kwa shida, na kiti cha tatu dirishani kikaenda Kamembe kitupu. Mama alipanda basi mchana huohuo. Mvua ilikata barabara msituni, akalala njiani usiku wa kwanza na wa pili. Alipofika, bibi alikuwa ameshazikwa, Jumanne ileile, kati ya alasiri na magharibi. Shangazi zake walimweleza kila kitu, kama watu wanavyoeleza wakidhani wanafariji. Asubuhi ile bibi, aliyekuwa ameletewa habari kwamba mwanawe anakuja na ndege ya Jumanne, aliisikia ikishuka. Aliomba abadilishwe kitambaa cha kichwa, aegemezwe ukutani aelekee mlangoni. Akawa anauliza kila anayeingia, "Amefika?"

Mama aliporudi hakugombana. Afadhali angevunja sahani. Alipika, akafua, akamwekea baba maji ya kuoga, na kila neno lilipitia kwangu. "Mwambie baba yako chakula tayari." Baba amekaa hatua moja kutoka kwake. "Mwambie mama yako nimeshiba." Nilikuwa simu ya nyumba nzima. Baba aliacha kuimba. Watu wa makochi walipomletea mahameli aliirudisha, akasema macho yake hayaiwezi. Nami nilijaribu kila hila ya mtoto: nilijifanya mgonjwa ili wakae pande mbili za kitanda, wakakaa, wakanitazama mimi tu. Nilikuwa na uhakika kwamba siku moja nitapata maneno sahihi ya kupeleka upande mmoja na mengine upande wa pili, na kila kitu kitakwisha. Miaka miwili nilitafuta maneno hayo. Baba hakuimaliza Aprili ya tisini na nne. Hilo sitalieleza hapa, na msomaji wa nchi hii hahitaji kuelezwa.

Sasa mimi ni mtu mzima, nimesoma shule ya jioni hadi cheti changu kikachoka kunisubiri, na naishi na mama kule Gahanga, pembezoni mwa jiji, kwenye nyumba mpya, mahali ambapo juzi tu palikuwa mashamba ya mihogo. Ndege za kwenda Kamembe zipo, safi, zina mapangaboi yasiyokohoa, na hakuna anayekusomea kilo zako mbele za watu. Ila ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, wale mababu bado wako kazini. Mwaka jana nilitumwa Goma, nikaiona moja imeinua pua vilevile, ikipakia watu na magunia kwa safari yake ya kila wiki, na karani na mizani yake chini ya bawa. Nilisimama kwenye uzio hadi ikaondoka. Nilipigwa na moshi wake nikapiga chafya kumi na mbili.

Niliporudi nilimweleza mama, nikamwambia sasa nina uwezo, nimkatie tiketi aende akalizuru kaburi la mama yake, nusu saa tu yuko huko. Alikuwa anachambua maharage.

"Yule nilishamlilia," akasema. "Mama yangu alikuwa mzee na mgonjwa. Ningekwenda, nisingekwenda, angekufa." Akatupa jiwe moja nje ya ungo. "Lakini baba yako alikuwa mzima. Nilimnunia nikidhani muda upo."

Sikuwa na neno la kupeleka, wala wa kumpelekea. Nikamwuliza kama anataka chai, akasema anataka.