Chumba Namba Saba Kilichokuwa Kikihama

Jina la Ramani alipewa na wanafunzi, na halikumbanduka tena. Lilitokana na mazoea yake ya kugeuka akalitazama darasa huku mkono ukiendelea kuchora ubaoni nyuma yake, bara zima, na ghuba zake na rasi zake, bila kuangalia. Chaki ikimaliza kuzunguka pwani inarudi kukutana na pale ilipoanzia, kama mshonaji anavyofunga pindo. Alifundisha jiografia. Kazi aliianza bado hajaota ndevu, shule ikiwa na vyumba vinne tu, kila kidato na chumba chake, na mtu akikutajia kidato cha tatu unakwenda mpaka mlangoni hata ukiwa umefumba macho.

Lakini mji haukungoja. Palipokuwa mashamba paliota nyumba, na nyumba hazikai tupu, zina watoto, na mtoto hakui kurudi chini. Wakaanza kukaa watatu kwenye dawati la wawili, halafu wanne, halafu wengine wakawa wanasomea nje wameegemeza madaftari kwenye ukingo wa dirisha. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa na adabu ya ulimi, alikuwa akisema darasani kwake hata ukitaka kupiga chafya uombe nafasi kwanza. Kamati ya shule ikakaa, ikakaa tena, mwisho ikakata shauri: shule ipanuliwe. Na kwa kuwa huwezi kuwaambia watoto wote wale warudi kwao wangoje saruji ikauke, mafundi wakaingia masomo yakiendelea.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya Ramani.

Bwalo lilikatwa vipande kwa mbao nyepesi, ukawa ukifundisha upande huu unasikia upande ule wanajibu. Stoo ya majembe ikawa darasa. Maktaba ikapigwa ukuta katikati, vitabu vikabaki upande mmoja na kabati lake upande wa pili. Kila kidato kikagawanywa mikondo, na mikondo ikazidi vyumba, kwa hiyo hapakuwa na mkondo wenye kwake. Leo wanasoma hapa, kesho kule, wanahama na mikoba yao kichwani kama watu waliokimbia mafuriko. Mwalimu wa ratiba, binti mchapakazi ambaye Ramani alimfundisha mwenyewe, alizunguka siku moja ya mapumziko akaziona namba zilizopakwa rangi nyekundu kwenye milango. Akashukuru kwamba angalau mafundi wana mpango, akapanga ratiba yake kwa namba hizo. Kidato cha pili mkondo wa tatu, jiografia, chumba namba saba. Jambo rahisi.

Siku ya kwanza namba saba ilikuwa karibu na tangi la maji, na alifundisha vizuri. Siku nyingine akaenda pale pale, akakuta mlango hauna namba, ukuta una plasta mbichi, na ndani hamna hata kunguru. Akazunguka, akaiona saba yake nyuma ya jiko, nyekundu, haina wasiwasi. Akaingia, akasalimu, akasalimiwa, akaanza somo la mito: mto unavyozaliwa mlimani, unavyokimbia ukiwa mdogo, unavyoanza kujikunjakunja ukizeeka. Watoto walitulia kama maji ya mtungini. Alipofika kwenye delta, msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Sisi ni kidato cha kwanza."

"Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

"Tulidhani umependa tu kutufundisha."

"Kipindi chenu hasa ni cha nini?"

"Hatujui, mwalimu. Mwalimu wetu hajatuona tangu wiki iliyopita."

Darasa likacheka, na yeye akacheka nao, lakini yeye ndiye wa kwanza kuacha.

Maana kulikuwa na jambo ambalo Ramani hakuwahi kumwambia mtu pale shuleni. Baba yake alikuwa fundi viatu, mtu ambaye akikuona unapita tu anakuambia kisigino kipi kitalika kwanza. Uzeeni akaanza kupotea. Mwanzo alikuwa akiuliza kwa upole, "Hivi choo kiko upande gani?" katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Baadaye akawa anabisha hodi kwa majirani na kuwalaumu kwamba wamehamisha mlango wake. Ramani ndiye aliyekuwa akienda kumchukua, akimshika mkono kumrudisha, na njia nzima yule mzee akimwita "kaka" na kumsimulia habari za mwanawe mwalimu. Babu naye, wanasema, aliondoka hivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu husema kwa mzaha. Ramani hakuwahi kuucheka mzaha huo.

Alikuwa ameapa moyoni: siku akianza kupotea na yeye, ataweka chaki chini kabla watoto hawajamjua. Asiyejua alipo yeye mwenyewe hawezi kuwafundisha wenzake dunia ilipo. Na kuweka chaki chini, kwa mtu kama yeye, ni kama kumwambia jogoo aache kuwika halafu aendelee kuishi tu uani.

Utasema si angeuliza tu. Lakini kwa baba yake ugonjwa ulianza kwa kuuliza.

Basi akakaa kimya, akawa anajitahidi. Akaichora shule nzima kichwani, vyumba na korido na mabomba, akaikariri. Kesho yake shule haikufanana na aliyoichora. Siku moja alitoka namba saba kwenda kuchukua tufe la dunia katika chumba cha walimu. Kurudi, alipoacha mlango akakuta ukuta. Akaupapasa. Ulikuwa wa baridi na unyevu, na mkono ukatoka na chokaa. Mwalimu wa hesabu akapita.

"Vipi Ramani, unaubembeleza?"

"Naangalia kazi yao. Wamenyoosha vizuri."

"Na hiyo dunia kwapani unaipeleka wapi?"

"Darasani. Wewe je, huna kipindi?"

Mwalimu wa hesabu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Naelekea," akasema, na akarudi kule kule alikotoka. Siku nyingine Ramani angeliona hilo. Siku hiyo alikuwa na lake.

Nyumbani akaanza kujipima. Aliitaja miji mikuu wakati wa kuvaa viatu. Alihesabu wajukuu kuanzia mkubwa mpaka yule aliyezaliwa juzi, akioga. Mkewe alikuwa mkunga, ametumia maisha yake kusikiliza kilichomo ndani ya watu kwa kuweka sikio nje, na mlango wa bafu haukuwa mzito.

"Baba watoto, unaongea na nani humo?"

"Naoga."

"Siku hizi watu wanaoga kwa majina ya wajukuu? Na wa pili umemtaja mara mbili."

Maji yakanyamaza. "Mara mbili?"

"Mara mbili. Na mdogo umemruka."

"Maji yameniingia mdomoni," akasema Ramani.

Mkewe akaondoka mlangoni. Mkunga amezoea watu wanaosema hawaumwi popote.

Usingizi wake ukawa mwembamba. Asubuhi alipokunywa chai aliona ameshaamua: atakwenda kwa mkuu wa shule, atamwambia anaacha kazi muhula ukiisha, na hatasema sababu. Alivaa koti lake la sherehe. Mkewe akamtazama na lile koti, akamwambia tu, "Kola imekunjika," akamnyooshea.

Alibisha hodi ofisi ya mkuu, akaitikiwa na sauti nyingi. Kufungua, ni kidato cha nne, wamebanana mpaka kwenye meza ya mkuu.

"Mkuu yuko wapi?"

"Amehamia maabara, mwalimu," akajibu mmoja. "Lakini hiyo ilikuwa jana."

Alimkuta kwenye kijichumba cha vifaa vya maabara. Mkuu wa shule alikuwa mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, na siku hizi funguo zilikuwa pambo tu kwa sababu milango yake ilikuwa imeng'olewa. Alikalia stuli, mafaili magotini, na mjusi kwenye chupa akimtazama begani.

"Karibu, mwalimu wangu. Ingia. Usiegemee hapo, ni asidi."

"Mkuu, nimekuja kwa jambo zito kidogo."

"Kama ni kiti, sina."

"Si kiti."

"Kama ni choo cha walimu, wameniahidi mwisho wa wiki."

"Si choo, mama. Ni mimi mwenyewe. Nimeona kwamba muhula huu—"

Hakumaliza. Msimamizi wa mafundi aliingia bila hodi, maana hapakuwa na mlango wa kubisha. Alikuwa mtu mfupi, kope zake nyeupe kwa vumbi, mkononi kopo la rangi nyekundu.

"Mama mkuu, saba wamemaliza kule bohari. Niwapeleke wapi leo?"

"Saba ipi?" akauliza Ramani. Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Hawa wangu wapiga plasta, kikosi namba saba. Nina vikosi vingi, mzee. Nisipowaandikia namba yao mlangoni pa kazi, asubuhi wanakaa wanapiga soga mpaka jua limewaka, wanasema hawakujua waanzie wapi. Wakimaliza naifuta, naiandika wanapohamia."

Mkuu akainua macho kutoka kwenye mafaili.

"Hizo namba nyekundu," akasema mkuu polepole, "si za vyumba?"

Msimamizi akaanza kucheka, akaziona nyuso, akaacha. "Mama, vyumba vyenyewe havijaisha. Mtoto anapewa jina akiwa tumboni? Mimi nawaona walimu wanakwenda huku na huku na vitabu, nikasema labda ndiyo elimu ya kisasa."

Mkuu aliweka mafaili chini. Akajishika paji la uso. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba yeye ametembea siku zote hizi akidhani ana presha. Kwamba aliwafundisha kidato cha nne somo la kidato cha pili, nao wakaandika mpaka nukta ya mwisho. Kwamba alikwisha mwambia mumewe amtafutie daktari. "Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema. "Kila nikitazama, wenzangu mnatembea kama mnajua mnakokwenda."

"Sisi tulikuwa tunakutazama wewe," akasema Ramani.

Alijisikia kama aliyetua gunia la saruji: mzigo hauko, lakini shingo bado imekakamaa, haiamini. Akataka kucheka, akataka kukaa, akakumbuka asidi.

"Haya, na wewe mwalimu wangu," mkuu akamgeukia. "Lile jambo lako zito?"

Ramani akafungua mdomo. Akatafuta. "Nimesahau," akasema.

Wakacheka wote watatu, mpaka msimamizi akamwaga rangi kidogo sakafuni. Lakini alipokuwa akitembea kurudi nyumbani, Ramani alijiuliza: pale, alidanganya au alisahau kweli? Maneno ya kuaga alikuwa nayo tangu alfajiri, ameyapanga kama viatu mlangoni, na alipoulizwa hayakuwepo. Labda ni furaha iliyoyafukuza. Furaha nayo hufukuza mambo. Milango ilikuwa imehama kweli, hilo sasa lilikuwa na mashahidi. Lakini mjukuu wa pili hakuhamishwa na mafundi wa plasta, na yeye alimtaja mara mbili.

Siku hiyo akamweleza mkewe, yote, kuanzia choo cha baba yake mpaka kopo la rangi. Mkewe alikuwa akikata kitambaa cha kushona nepi za wajukuu, na hakuacha kukata.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini? Kwamba naumwa au kwamba siumwi?"

"Kwamba unaogopa. Hilo lingine sijui, wala wewe hujui, wala daktari hatalijua leo. Ukianza kupotea nitakuambia mimi."

"Utajuaje?"

"Nimekaa nawe miaka yote hii, nisijue? Na wewe acha hiyo tabia ya kupapasa kuta kimyakimya. Ukifika mahali hupajui, uliza. Baba yako hakuugua kwa sababu ya kuuliza, baba watoto. Aliuliza kwa sababu alikuwa anataka kufika."

Ramani akakaa na neno hilo. Hakulielewa lote. Akalichukua hivyo hivyo akaenda nalo kazini.

Mwalimu wa ratiba alipanga upya, safari hii kwa majina ya mahali: penye tangi, penye jiko, stoo ya majembe. Mafundi nao hawakuacha kubomoa, na siku ya tatu tangi likahamishwa. Lakini Ramani alikuwa na desturi mpya. Alisimama mlangoni, tufe la dunia kwapani, hakuingia kwanza, akauliza kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia:

"Jamani, ninyi ni akina nani?"

"Kidato cha tatu, mkondo wa pili, mwalimu."

"Basi siwataki," anasema, wanacheka, anakwenda mlango unaofuata. Haikupita wiki, walimu wengine wakawa wanafanya vivyo hivyo, hata mkuu mwenyewe, na mwalimu wa hesabu ambaye alikuwa akiuliza kwa matusi madogo.

Siku moja ukuta wa bwalo ulikuwa umeondolewa usiku, na mikondo miwili ikakutwa imekaa katika chumba kimoja kirefu, vichwa na vichwa mpaka mwisho wa macho. Ramani akasimama mlangoni, akauliza kama kawaida. Watoto walitazamana. Mmoja wa nyuma kabisa akasimama.

"Mwalimu," akasema, "hata sisi tulikuwa tunakungoja wewe utuambie."

Ramani akawaangalia. Hakuwa na hakika kama ni wake, au nusu yao ni wake, au kama kipindi chenyewe ni cha jana. Akaingia, akaliweka tufe mezani, akachukua chaki.

"Haya," akasema. "Sogezeni madawati. Tutaanza na hapa tulipo."

Akageuka kuwatazama, na mkono ukaanza kuchora.