Kitambaa Kilichozidi Kwenye Mizani

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii nilikabidhiwa shati jipya la kiume, nikaambiwa nilivue. Sitanii. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wakubwa, nimezeekea katika depo ya nguo hapa Bujumbura nikihesabu marobota, na Chef wa Depo, mkuu wetu, akaniwekea shati mezani pamoja na mizani ndogo ya jikoni.

"Mama Goreth," akasema, "toa kila kitu ambacho mutu hatavaa. Halafu upime kimoja kimoja."

Nikatoa. Mfuko wa plastiki wa nje, pini za mikononi, karatasi ngumu iliyoshikilia mgongo, ukanda wa plastiki ndani ya kola, karatasi laini, kibanio, kijifuko cha chembe za kunyonya unyevu. Shati likabaki limenywea pale, na pembeni yake kilima ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka yote niliyohesabu mashati. Chef akakisogeza kwa kidole.

"Kumbe tunanunua shati moja na uchafu wa kujaza mukono," akasema.

Kilima kile ndicho kazi yenyewe. Wanaita vifungashio: kila kinachoibeba nguo, kuilinda au kuipamba mpaka imfikie mnunuzi, kisha kinatupwa. Wakati huo marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuwa imeshaingia nchini, na wale tulioagiza nguo kwao nao walikuwa wamebanwa na sheria za kwao. Kila anayeuza nguo atamke ameingiza sokoni karatasi kiasi gani, plastiki kiasi gani, chuma kiasi gani, maana lazima awepo wa kuigharamia taka hiyo. Ikatakiwa apatikane mtu wa kupima na kuandika. Vijana wa ofisini waliona kuchambua takataka kunawashushia hadhi, nikaletewa mimi. Niliipenda kazi kuanzia shati lile.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna simu zinazosoma alama na kujaza jedwali zenyewe. Sawa, lakini simu haijui ilichokipima. Kifungashio cha kwanza ni kile kinachogusa nguo. Cha pili ni boksi linalokusanya nguo kadhaa. Cha tatu ni cha safari: katoni kubwa na plastiki ile nyembamba inayoviringishwa kuzunguka mzigo. Ukichanganya ngazi hizi, tamko zima limeharibika. Kitundikio cha nguo, sisi tulikiita sentre, hakipimwi kizima. Unakivunja, ndoano ya chuma kando, plastiki kando. Kibandiko cha bei ni chepesi mno, mizani haikioni, kwa hiyo unapima fungu zima kisha unagawanya. Wavivu huona mizani haisemi kitu, wakaandika sifuri. Haba na haba hujaza kibaba, na sifuri zenu zikikusanywa mwaka mzima zinajaza lori.

Jambo jingine nililojifunza mwenyewe ni kwamba karatasi inakunywa maji. Msimu wa mvua, katoni iliyolala depo upande wa ziwani hunenepa, na ukiipima hivyo hivyo unatangaza mvua kuwa ni karatasi. Nilikuwa naziacha ofisini mahali pakavu kwanza. Nilipomweleza Chef wa Depo kwa nini nachelewa, alinitazama kwa masikitiko ya kuigiza.

"Hata katoni za Buja zinapenda kunywa, Mama Goreth?"

Kuanzia hapo depo nzima ikaniita Mama Gramu. Mwanzoni nilinuna. Baadaye niliitika hata sokoni.

Depo ilipofungwa, Chef alinipendekeza kwa Direktrisi, mkurugenzi wa karakana moja ya ushonaji kule Mutakura. Walishona magauni ya kitenge, karibu yote yakienda kwa mnunuzi mmoja wa Ulaya mwenye maduka. Kazi ikageuka juu chini. Depo nilikuwa napima vifungashio vya watu wengine. Mutakura vilikuwa vyetu, na wa kuvikagua alikuwa mbali. Direktrisi alikuwa mwanamke mkali wa maneno machache, hakupenda kitu kirudiwe mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alijua kwamba mnunuzi yule akiondoka, cherehani zote zinanyamaza siku hiyo hiyo, na mafundi wanarudi nyumbani kukaa.

Mkuu wa meza ya kufunga alikuwa Mama Zaituni, mzaliwa wa Buyenzi, wa familia ya Waislamu waliokuwepo mjini tangu zamani, mjane aliyekuwa amenizidi umri kidogo. Mikono yake ilikunja gauni mara moja tu, wala haikurudia. Tulielewana. Yeye alinitania kwa mizani yangu, mimi nilimtania kwa chai yake ya tangawizi iliyokuwa kali kuliko Direktrisi.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kwa kila mtindo mpya, Mama Zaituni alinifungia gauni moja la sampuli vilevile kama yanavyofungwa mengine. Nililifungua, nikapima kila kipande, nikatuma tamko. Sampuli zilikuja nadhifu: karatasi ya kahawia, uzi, kibandiko. Niliziamini.

Basi siku moja ukaja ujumbe kutoka kwa mnunuzi. Katoni zetu, ambazo safari hii walizipima wenyewe, zilikuwa nzito kuliko nilivyotamka. Walifungua wakakuta kila gauni, ndani ya ile karatasi ya kahawia, limeviringwa katika kipande cha kitenge ambacho hakikuandikwa popote. Mzigo ulizuiwa ghalani kwao. Wakataka maelezo kabla wiki haijaisha, na wakasema wazi kwamba yasiporidhisha hawataagiza tena.

Nilishuka kwenye meza ya kufunga, ambako nilizoea kufika saa ya chai tu, si wakati wa kazi. Mama Zaituni alikuwa amesimama pale, na mbele yake pana kapu la masalio ya vitenge kutoka chini ya cherehani. Alikuwa akiviringa gauni bila kujificha hata kidogo.

"Mama Zaituni, hiki kitambaa unakiweka tangu lini?"

"Tangu nafika."

"Mbona kwenye sampuli hukiweki?"

Akanishangaa kwa dhati. "Sampuli inaenda kwa mizani. Hizi zinaenda kwa mutu. We unaweza kumupa mutu kitu iko uchi?"

Mimi mwenyewe sijawahi kumpelekea mzazi chakula bila kukifunika, wala kutoa zawadi ikiwa wazi, kila mtu akiona kilichomo. Mama Zaituni hakudanganya mtu. Mizani haina haya, ndiyo maana sampuli yake hakuivisha.

Direktrisi alitusikiliza amesimama. Uamuzi wake ulikuwa tayari.

"Madamu Goreth, andika kwamba mufanyakazi alifanya kosa na amefukuzwa. Bale ba Ulaya banapenda kusikia hivyo. Tutapona."

"Madamu, si kosa la kufukuza mutu. Na nikiandika hivyo, itabidi iwe kweli."

"Itakuwa kweli. Leo."

Mama Zaituni alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakulia. Alivua aproni akaanza kuikunja, mara moja tu, vilevile anavyokunja gauni. Hapo nilipandwa na hasira, na mimi nikikasirika huwa naongea polepole.

"Naomba usiku wa leo," nikasema. "Njia ya muongo ni fupi, Madamu. Wakiuliza swali la pili tutajibu nini?"

Akanipa mpaka asubuhi. Sikulala vizuri. Kukitamka kitambaa kama kifungashio kusingetosha kwa siku zijazo, kwa sababu masalio hayalingani: kimoja kirefu, kingine kifupi, na tamko linataka uzito mmoja kwa kila kipande. Kukiondoa ni kumwondoa Mama Zaituni, maana nilimjua, asingefunga nguo uchi. Lakini katika kazi yetu lipo swali linalotenganisha kifungashio na bidhaa, nalo ni hili: mnunuzi akishafungua, atakitupa au atakaa nacho? Kinachotupwa ni kifungashio. Kinachokusudiwa kuishi na nguo ni sehemu ya nguo.

Asubuhi nilimuuliza Mama Zaituni, Direktrisi akisikia.

"Yule mama wa Ulaya akishatoa gauni, hicho kitambaa anakifanyia nini?"

"Anajifunga kichwani," akasema. "Au anafungia mukate. Mi sijuwi. Lakini nani anatupa kitenge?"

"Kwa jinsi kilivyo," nikasema, "nyuzi zinaning'inia, wao watakitupa. Kikipindwa pembeni, kikakatwa kipimo kimoja, ni kitambaa cha kichwa. Kinaandikwa kwenye lebo pamoja na gauni."

Direktrisi akauliza nani atapinda vitambaa vyote hivyo, na mafundi waliokuwa karibu, ambao walikuwa wamenyamazisha cherehani ili wasikie, wakajibu kwa pamoja kwamba wao. Direktrisi akakubali, nikaandika. Kwa mzigo uliozuiwa nilitamka kitambaa kama kifungashio cha nguo kwa uzito wa wastani, nikaeleza bila kumtaja mtu kwa nini sampuli haikukionyesha. Kwa oda zijazo nikaandika: gauni na kitambaa chake cha kichwa. Siku zile za kusubiri jibu, Mama Zaituni alikuja kazini akakaa tu, meza yake ikiwa tupu. Jibu lilipokuja, mzigo ukaachiwa na oda ikabaki, na karakana ikapiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna harusi.

Mama Zaituni peke yake hakupiga. Nilimfuata nikidhani amechoka.

"Ufurahi basi, mama. Kazi yako imebaki."

"Nashukuru, kweli nashukuru," akasema. "Lakini zamani mi nilikuwa napa mutu bure. Sasa munauza. Imeandikwa kwa lebo, iko kwa bei. Heshima gani inalipiwa?"

Iliniuma. Nilimwambia nimefanya nilichoweza, naye akakubali, akanimiminia chai. Siku nyingine tulitaniana kama kawaida. Lakini maneno yale nilikwenda nayo nyumbani, na bado ninayo.

Sasa nimestaafu, naishi kwa binti yangu, mtaa wa Kibenga. Wajukuu wananicheka nikivunja sentre mbovu kutenganisha chuma na plastiki. Wako vijana wanaonijia kuuliza kazi, nami nawafundisha yote: ngazi tatu, kugawanya fungu, kukausha katoni. Nawaambia wasiogope kuandika ukweli mapema, maana ukweli uliochelewa huonekana uongo. Ninaamini hadi leo kwamba nilifanya sawasawa. Ziwa letu nalijua kabla ya plastiki na baada yake, na aliyeona yote mawili hawezi kudharau gramu. Lakini yapo mambo ambayo ukishayapima yanabadilika mikononi mwako, na hilo sikufundishwa na chef yeyote.

Siku yangu ya mwisho kazini nilizunguka kuaga. Kwenye meza ya kufunga, Mama Zaituni hakuniona nikija. Gauni na kitambaa chake vilikuwa vimeshakunjwa kwa kipimo, kama jedwali lilivyotaka. Kabla ya kufunika karatasi, aliweka kiganja juu ya nguo, akasema Bismillah, kisha kwa sauti ya chini: "Uvae kwa heri, mama. Ikukute na afya." Akafunga. Akachukua nyingine, akaweka kiganja, akasema vilevile.

Alipogeuka akanikuta nimesimama, akaona aibu kama mtoto.

"Na hii utapima, Mama Gramu?"

"Hii haina uzito, dada yangu."

"Basi usiandike," akasema, akirudi kwenye kazi yake. "Bakijuwa, bataitia bei."